Gari la Wananchi: Kumbukumbu ya Land Rover Yetu, Kipande kwa Kipande



Katika kurasa hizi za historia tumezoea kuwaletea habari za shule zetu za kwanza, za ndiva zilizochimbwa na mababu, na za barabara iliyochongwa kwa majembe ya msaragambo. Mwaka huu tumeomba nafasi ya kuandika habari za gari. Ni ile Land Rover ya zamani iliyokuwa imeegeshwa nyuma ya zahanati, ambayo wengi wetu tuliicheza utotoni tukijifanya madereva.

Waliozaliwa kabla ya 1990 wanaikumbuka kwa mlio wake. Ilikuwa ikipanda kutoka Mwanga kwa gia ya chini, na ukiisikia kwenye kona za bondeni ulijua inaleta mmoja kati ya watatu: mgonjwa aliyepona, mzigo wa duka, au marehemu anayerudishwa nyumbani kuzikwa. Ikishuka, ilibeba magunia ya kahawa au mama mwenye uchungu, na kuna siku ilibeba vyote viwili. Kabla yake wagonjwa walishushwa mlimani kwa machela, vijana wanane wakipokezana.

Mwaka 1994 ilisimama na haikuwaka tena. Kuku wakatagia chini ya kiti cha dereva.

Kuuza au kutouza

Katika mkutano mkuu wa 2023 lililetwa ombi. Mnunuzi mmoja wa mjini, mpenzi wa magari ya kale, alitaka kuichukua kama ilivyo na kutoa pesa taslimu. Wanachama wakagawanyika. Waliotaka kuuza hawakuwa na hoja ya kipuuzi: zahanati yetu haina nyumba ya kusubiria wajawazito wanaotoka vitongoji vya mbali, na fedha ya gari ingeweza kununua mabati yote ya paa. Mama mmoja aliuliza mkutanoni kama tunataka kupaka rangi chuma wakati wanawake wanajifungulia njiani. Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka.

Hatimaye mkutano uliamua mambo matatu. Gari lisiuzwe kabla halijaorodheshwa kikamilifu, maana huwezi kuuza mali usiyoijua. Matengenezo yagharimiwe na wanachama watakaojitolea kwa mfuko wa pembeni. Na kamati ya fedha isimamie hesabu, ili isije ikasemwa hata siku moja kwamba fedha ya wajawazito ilinunua tairi. Tunawahakikishia kwamba hakuna senti ya zahanati iliyoingia kwenye gari. Daftari la mfuko huo lipo wazi kwa kila mwanachama atakayetaka kulikagua.

Kuandika kabla ya kufungua

Januari 2024 gari lilishushwa mlimani juu ya lori hadi gereji moja mjini Moshi. Sisi wa kamati, ambao kazi yetu ya kila siku ni leja na vocha, tuliweka sharti moja: nati isifunguliwe kabla kipande hakijapigwa picha, kufungiwa kibandiko chenye namba na kuandikwa daftarini. Fundi mkuu alicheka. Alisema ametengeneza magari miaka thelathini na hajawahi kuona gari likifanyiwa ukaguzi wa hesabu. Wiki ya tatu, alipohitaji kujua bolti fulani ilitoka upande gani wa boksi ya gia, yeye mwenyewe ndiye aliyeomba aletewe daftari.

Tuligawa vipande katika mafungu matatu. Fungu A ni vya asili, vilivyotoka kiwandani na gari. Fungu B ni spea halali za kampuni zilizowekwa baadaye. Fungu C ni vilivyotengenezwa na mafundi wetu wenyewe. Jumla tuliandika vipande 214: A 121, B 58, na C 35. Hesabu inakaa sawa, na orodha nzima itawekwa kwenye ofisi ya chama pamoja na picha.

Chesisi ilitupa namba. Kibati cha utambulisho ndani ya gari kilikwishapotea, lakini kwenye Land Rover za aina hii namba hugongwa pia kwenye chuma cha chesisi, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia. Fundi alisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka tarakimu zikaonekana moja baada ya nyingine. Zinaanza na 252. Kwa mpangilio wa kiwanda, hiyo ni Series IIA ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya petroli, usukani wa kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza.

Lilikotoka

Land Rover ilibuniwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutoka vitani. Akafikiri kutengeneza gari la aina hiyo kwa ajili ya wakulima. Lilioneshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati ule chuma kiligawiwa kwa kibali Uingereza, lakini alumini ilipatikana kwa urahisi kwa kuwa viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Ndiyo maana bodi yake ni ya alumini na chesisi ni ya chuma.

Uamuzi huo wa miaka ya uhaba Ulaya tuliuona kwa macho yetu gerejini Moshi. Bodi iliyokaa mvuani miaka thelathini ilikuwa na mabonde lakini haikuwa na tundu la kutu. Chesisi ilikuwa imeliwa kutoka ndani, mpaka mahali pengine kidole kilipenya. Na pale alumini ilipogusana na chuma, kwenye ribiti na bawaba, palikuwa na unga mweupe, kwa sababu metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu hulana.

Series IIA zilianza kutoka kiwandani Solihull mwaka 1961. Yetu ina taa mbele katikati, ndani ya wavu, si kwenye mabawa kama zilivyohamishiwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Ndani kuna kitasa cha njano cha kuunganisha ekseli ya mbele, na cha rangi nyekundu cha kushusha gia kwa ajili ya mlima. Vyote viwili ni fungu A. Dereva wake wa pili, mzee wetu ambaye sasa amevuka miaka themanini, alivishika mbele yetu bila kuangalia, mkono ukaenda wenyewe.

Msasa ulipofika mlangoni

Sisi tuliolelewa miaka ya themanini tuliambiwa gari hili ni zawadi ya wafadhili kutoka Ulaya. Hakuna aliyetaja jina la mfadhili, na hakuna aliyeuliza. Mlangoni liliandikwa ZAHANATI kwa herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe, na hilo lilitosha.

Fundi wa rangi alipoanza kusugua mlango wa kushoto kwa msasa wa maji, rangi nyeupe ilitoka kwa urahisi. Chini yake palikuwa na kijani iliyokolea, na juu ya kijani herufi nyingine zilizopakwa kwa mkono. Akasimamisha kazi, akatupigia simu. Tulipofika tulisoma maneno matatu: MALI YA WANANCHI. Mstari wa chini ulikuwa umefutika kwenye bonde la ajali ya zamani.

Tukarudi mlimani kuwauliza wazee. Mzee dereva alikaa kimya kidogo, kisha akaeleza. Gari lilikuwa likilala kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika kwa sababu ndipo palipokuwa na mlinzi, na msimu wa kahawa lilikodishwa kubeba magunia. Mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika na mali zake kuanza kuhesabiwa, wazee walihofia kwamba gari nalo lingehesabiwa kuwa la ushirika na kuondoka mlimani. Usiku mmoja likapakwa rangi nyeupe, likaandikwa ZAHANATI, likahamishiwa kwa mganga. Hawakusema uongo kwa mtu yeyote, kwa maelezo yake. Waliacha tu watu waamini walivyotaka, na watoto wakakua wakiamini kwamba Wazungu ndio walioleta.

Na karatasi za ununuzi zilikwenda wapi? Akasema kulikuwa na daftari. Lilikabidhiwa kwa mweka hazina wa wakati ule, naye alikwishafariki.

Daftari

Mjane wake, bibi yetu sote pale kijijini, alilitoa kwenye sanduku la bati, chini ya kanga zake za sikukuu. Ni daftari la hesabu lenye jalada gumu, kurasa 38 zilizoandikwa kwa kalamu ya wino. Alisema marehemu alimwagiza asimpe mtu mpaka atakapokuja mtu kuuliza kuhusu gari. Watu walikuja kuuliza kuhusu shamba, kuhusu ng'ombe, kuhusu vyeti vya shule. Kuhusu gari, sisi ndio tulikuwa wa kwanza.

Wenzetu wahasibu mtaelewa tulivyojisikia. Kila ukurasa una tarehe, jina, kitongoji, na kiasi. Kuna aliyetoa shilingi 20, kuna wa shilingi 5, na kuna aliyetoa senti 50 mara nne katika miezi minne. Wasio na fedha waliandikiwa kahawa kwa uzito, kuku, au siku za kazi kwenye mashamba ya waliotoa zaidi. Kila ukurasa umejumlishwa chini, na jumla imehamishiwa ukurasa unaofuata. Tulizikokotoa upya zote. Kosa tulilolikuta ni moja, la shilingi 3, na mwandishi mwenyewe alilikuta kabla yetu akalisahihisha kwa sahihi yake pembeni.

Hatukushangaa sana kwamba waliandika hivyo. Hawa ni watoto wa watu waliokusanyika Same miaka ya 1940 kupinga kodi ya mbiru, kwa sababu kila mtu alikadiriwa kiwango chake kwa namna isiyoeleweka. Upareni, kumtoza mtu pesa bila kumwonesha hesabu kuna historia yake.

Ukurasa wa mwisho umebandikwa stakabadhi ya gari ya mwaka 1966, yenye namba ya chesisi. Tuliisoma mmoja wetu akiwa ameshika daftari na mwingine picha ya chesisi, tarakimu kwa tarakimu mpaka herufi ya mwisho. Zikalingana.

Oktoba mwaka huo huo, wenzetu wachache walihudhuria tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha. Huko waliambiwa kwamba jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, Uingereza, linatunza kumbukumbu za kiwanda na hutoa cheti kwa anayepeleka namba ya chesisi. Tukapeleka. Cheti kilirudi mapema mwaka huu: gari lilitengenezwa 1966, rangi ya kijani, likasafirishwa kuja Dar es Salaam. Vithibitisho vitatu visivyojuana, yaani chesisi, daftari na kumbukumbu za kiwanda, vinasema jambo moja. Gari hili halikuwa zawadi. Lilinunuliwa na watu wa mlima huu kwa fedha zao.

Miaka ya fungu C

Kurasa za nyuma za daftari zina orodha ya matengenezo. Hadi 1976 spea zilinunuliwa Moshi, na nyingine zilitoka Nairobi kwa basi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera, kisha uhaba wa fedha za kigeni na wa karibu kila kitu. Katika daftari, maneno "imenunuliwa" yanapungua na mahali pake panaandikwa "imechongwa".

Hapo ndipo fungu C lilipozaliwa. Mipira ya springi iliyoisha ilibadilishwa kwa bushi za mpingo zilizochongwa na seremala. Kitako cha injini kilikatwa kutoka tairi la lori. Bawaba ya mlango wa nyuma ilifuliwa na mhunzi kwa chuma cha jembe. Na geji ya mafuta ilipokufa, dereva alichonga fimbo ya kutumbukiza kwenye tangi lililo chini ya kiti. Fimbo hiyo tumeikuta ndani ya gari. Ina alama tatu zilizokatwa kwa kisu. Mzee alitueleza kwamba mafuta yakifika alama ya kwanza unakwenda Mwanga na kurudi, ya pili Same, na ya tatu ni KCMC Moshi. Usiku akiamshwa, kabla hajauliza mgonjwa ana nini, alitumbukiza fimbo.

Fundi wa Moshi alishauri tutupe fungu C lote tuagize vipya, gari liwe kama lilivyotoka kiwandani. Kwa mpenzi wa magari ushauri huo ni sahihi. Sisi tuliona kwamba gari hili lilikaa kiwandani siku chache tu, na mlimani miaka ishirini na minane. Tukakubaliana hivi: kila kinachohusu usalama kiwe kipya. Breki zote, mabomba yake, nyaya za umeme, tairi na mipira ya springi vimebadilishwa, na chesisi imechomelewa upya kwa vipande vinene. Bushi za mpingo na kitako cha mpira wa tairi vimetolewa, vikasafishwa, vikawekwa kwenye sanduku la kioo vikiwa na namba zao. Bawaba ya jembe imebaki mlangoni, bado inashika. Injini iliyomo si ya asili. Ilibadilishwa 1985, daftari linasema hivyo, nasi tumeiandika fungu B bila kuificha. Mlango wa kulia tumeuacha mweupe na neno ZAHANATI. Mlango wa kushoto ni wa kijani na maneno ya mwanzo. Yote mawili ni kweli.

Mwezi Agosti liliwaka. Mzee dereva aliombwa aliendeshe, akakataa kwa sababu ya macho yake, akakaa kiti cha pembeni akimwelekeza kijana mahali pa kubadili gia.

Majina yaliyokosekana

Limebaki jambo moja ambalo hatuwezi kulifunika kwa rangi. Katika lile daftari zuri, wanawake waliotoa michango hawakuandikwa kwa majina yao. Wameandikwa "mke wa" fulani, au "mama" fulani, na mmoja ameandikwa tu "mjane wa bondeni, sh. 2". Tumehesabu 62. Ndio waliobebwa zaidi na gari hili, na kumbukumbu yake haiwataji.

Tumepita nyumba kwa nyumba tukiuliza, na hadi tunakwenda mitamboni tumepata majina 43. Kumi na tisa bado. Orodha ya vitongoji vyao tumeibandika kwenye ofisi ya chama. Kama bibi yako alikuwa mmoja wao, tafadhali tuletee jina alilopewa na wazazi wake. Yule mama aliyetuuliza swali mkutanoni mwaka 2023 alituletea mawili: la bibi yake mzaa mama, na la yule mjane wa bondeni, aliyekuwa jirani yao.

Ndugu zetu, swali lake bado halijajibiwa na gari. Gari halitarudi kubeba wagonjwa. Umri wake hauruhusu. Litakaa kwenye banda la zahanati ili watoto walione na wasome daftari. Jibu la swali ni nyumba ya kusubiria wajawazito, ambayo ndiyo lengo la harambee ya mwaka huu. Michoro na makadirio yake yapo katika kurasa zinazofuata, kila mfuko wa saruji ukiwa umeandikwa bei.

Kwa miaka mingi tulipokaa kupanga maendeleo, swali letu la kwanza lilikuwa ni mfadhili gani tumwandikie. Tulidhani hata gari tulipewa. Sasa tunajua kwamba watu waliokuwa na kahawa, kuku na senti hamsini walinunua Land Rover mpya mwaka 1966, na hesabu ikabaki safi. Sisi tuna mishahara, maduka, na simu za kutumia fedha tukiwa kitandani.

Siku ya harambee gari litasimama mlangoni pa ukumbi. Daftari jipya litakuwa mezani, lenye jalada gumu kama lile la kwanza. Kiasi chochote kitaandikwa, na kila mtu, mwanamume au mwanamke, ataandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Karibuni msaragambo.